UCHAMBUZI: Mashini zinakufa kwa uchafu usioonekana. Nje ya migodi mikubwa, nani anapima mafuta?

Kuanzia mwezi wa tano hadi mwezi wa tisa, mvua inapokatika kusini mwa nchi, barabara za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi zinajaa vumbi jekundu. Linaingia nyumbani, kwenye chakula na kwenye vifua vya watoto. Wakaaji wanalilalamikia kila mwaka, na wana haki. Lakini kuna pahali pengine vumbi hilo linapoingia bila mtu kupiga kelele: ndani ya mafuta ya mashini.

Huko Goma vumbi ni jeusi, la mawe ya volkano yanayosagwa na magurudumu. Katika Ituri na Maniema ni udongo wa barabara zinazokwenda kwenye machimbo. Rangi inabadilika, matokeo ni yale yale. Mashini ya kuchimba inapoteza nguvu. Gari la kumwaga udongo linashindwa kuinua benne. Jenereta ya hospitali inasimama usiku. Fundi anaitwa, anafungua, anasema pampu imekwisha au motere imekula vyuma vyake. Kipuri kinaagizwa kutoka mbali, na mwenye mashini anangoja huku deni likipanda.

Swali ambalo watu wachache wanauliza ni hili: kabla ya pampu kuisha, nani alipima mafuta yaliyokuwa yanapita ndani yake?

Katika nchi ambayo leo ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, na inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, swali hilo si la mafundi peke yao. Linagusa barabara zisizokwisha kutengenezwa, umeme unaokatika, na makampuni ya Wakongomani yanayopata mikataba kisha kuipoteza kwa sababu mashini yao imesimama.

Jicho na kidole vina mpaka

Katika garaji nyingi za mashariki, mafuta yanahukumiwa kwa njia tatu. Fundi anachomoa kijiti cha kupimia na kuangalia rangi. Anasugua tone moja kati ya vidole viwili. Kisha ananusa, apate kujua kama yameungua. Njia hizo si upuuzi. Zinaweza kuonyesha mafuta yaliyoungua, yaliyochanganyika na mazuti, au yaliyoingiwa na maji mengi hata kugeuka meupe kama maziwa. Fundi aliyezeeka katika kazi anajua mengi kwa pua yake.

Lakini jicho la mtu haliwezi kuona chembe iliyo ndogo kuliko mikrometa 40 hivi. Mikrometa moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa karibu mikrometa 70. Na nafasi iliyopo kati ya vyuma vinavyopishana ndani ya pampu ya idroliki au ndani ya vali mara nyingi ni mikrometa chache tu, hata chini ya tano.

Chembe iliyo kubwa kupita nafasi hiyo haiingii. Iliyo ndogo sana inapita bila kudhuru sana. Ile inayolingana na nafasi ndiyo inayoingia katikati ya vyuma viwili, inakwama na kukwaruza. Mkwaruzo huo unatoa chembe mpya ya chuma, nayo inachukuliwa na mafuta kwenda kukwaruza pahali pengine. Ndiyo maana uharibifu unaanza polepole na kumalizika kwa haraka: mashini iliyofanya kazi vizuri miezi mingi inaanguka katika juma moja, na mwenyewe anasema imerogwa au amepewa kipuri kibaya.

Vumbi la migodi ya Katanga lina mchanga wa kwarzi ndani yake, na kwarzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Vumbi la mawe ya volkano lina kingo kali. Mafuta ya rangi ya asali, yanayong'aa kwenye mwanga wa jua, yanaweza kubeba mamilioni ya chembe za namna hiyo katika kila lita, na hakuna kidole kitakachozisikia.

Hasara inayotokana na jambo hili ilijulikana zamani. Mwaka 1966, kamati iliyoongozwa na Peter Jost iliiambia serikali ya Uingereza kwamba viwanda vya nchi hiyo vingeweza kuokoa zaidi ya pauni milioni 500 kila mwaka kwa kushughulikia vizuri msuguano, kuchakaa kwa vyuma na ulainishaji. Miaka mingi kabla yake, katika miaka ya 1940, makampuni ya reli ya Marekani yalikuwa yameanza kupima mafuta yaliyotumika ya lokomotivu zao ili kujua motere gani inakaribia kuharibika. Hayakufanya hivyo kwa kupenda sayansi. Lokomotivu ikifa njiani, reli nzima inafungwa.

Namba tatu zinazosema yote

Leo dunia nzima inatumia lugha moja kusema mafuta ni safi kiasi gani. Ni kanuni ya kimataifa inayoitwa ISO 4406. Inachukua mililita moja ya mafuta, karibu matone ishirini, na kuhesabu chembe zilizomo katika ukubwa wa aina tatu: zile zinazofika mikrometa 4 au kupita, zinazofika 6 au kupita, na zinazofika 14 au kupita. Kila hesabu inapewa namba yake, na namba tatu zinaandikwa pamoja, kwa mfano 20/18/15.

Namba 20 ina maana kwamba katika kila mililita kuna chembe kati ya 5.000 na 10.000 za mikrometa 4 au zaidi. Namba 18 ina maana ya chembe kati ya 1.300 na 2.500. Namba 15 ni kati ya 160 na 320. Kila namba ikipanda kwa moja, chembe zinaongezeka mara mbili. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kati ya 16 na 20 tofauti inaonekana kuwa ndogo, kumbe ni uchafu mara 16.

Hesabu rahisi inasaidia kuelewa. Pampu inayosukuma lita 100 kwa dakika, ikifanya kazi na mafuta ya namba 20, inapitisha chembe kati ya milioni 500 na bilioni moja kila dakika. Mafuta yakisafishwa hadi namba 16, chembe zinashuka hadi kati ya milioni 32 na milioni 64. Bado ni nyingi, lakini pampu ile ile, katika vumbi lile lile, inapata maisha mengine.

Kila chombo kina kiwango chake. Vali nyororo zinazoongozwa na umeme zinahitaji mafuta safi sana. Pampu ya gia ya gari la kumwaga udongo inavumilia zaidi. Watengenezaji wanaandika kiwango hicho ndani ya kitabu cha mashini. Tatizo ni kwamba kitabu hicho mara nyingi kinabaki kwa muuzaji, au kinakuja kwa Kichina au Kiingereza, na fundi anaikuta mashini bila maandishi yoyote.

Namna wanavyopima

Kuna njia kadhaa, na bei zao hazilingani.

Njia ya kwanza ni ya zamani na rahisi kuliko zote. Kiasi kidogo cha mafuta kinachanganywa na dawa safi ya kuyeyusha, kinavutwa kupitia kitambaa maalumu chenye matundu madogo kuliko mikrometa moja, na uchafu wote unabaki juu ya kitambaa. Kisha kitambaa kinawekwa chini ya mikroskopu na kulinganishwa na picha za mfano. Njia hii haitoi namba kamili, lakini ina faida kubwa: mpimaji anaona kwa macho yake uchafu ni wa namna gani. Chembe zinazong'aa kama kioo ni mchanga. Vipande vinavyometameta ni chuma kipya kilichokatwa. Vyekundu ni kutu. Nyuzi zinatoka kwenye kitambaa cha kufutia ambacho fundi mwenyewe alikitumia.

Njia ya pili ni chombo cha mwanga wa leza. Mafuta yanapita katika mfereji mwembamba, mwanga unayapiga kutoka upande mmoja, na kila chembe inayopita inaziba mwanga kidogo. Chombo kinapima kivuli hicho, kinajua ukubwa wa chembe, kinaiongeza kwenye hesabu. Kwa dakika chache namba tatu zinatoka. Lakini chombo hicho hakijui kutofautisha chembe ya mchanga na tone la maji au povu la hewa. Vyote vina kivuli. Mafuta yenye maji yatapewa namba mbaya hata kama hayana vumbi, na mafuta meusi ya motere yanazuia mwanga kabisa.

Njia ya tatu inapitisha mafuta kwenye wavu wenye matundu ya ukubwa unaojulikana na kuangalia jinsi unavyozibwa. Hiyo haidanganywi na povu wala rangi nyeusi, na ndiyo inayofaa pale mafuta yamechafuka sana.

Zaidi ya kuhesabu, maabara kubwa inaweza pia kujua chembe zimetokana na nini, kwa kuchoma mafuta na kusoma mwanga unaotoka. Silikoni ikipanda, kwa kawaida ni vumbi limeingia. Chuma kikipanda pamoja na silikoni, ni kwamba vumbi hilo limekwisha anza kula gia au silinda. Shaba ikipanda peke yake, bushi ndizo zinazokwisha. Namba hizo hazina maana sana zikichukuliwa mara moja. Nguvu yao iko katika kufuatana: mwezi huu, mwezi ujao, miezi sita. Mgonjwa anayepimwa damu mara moja tu, daktari hajui kama anapona au anazidiwa.

Maji nayo yana kipimo ambacho hakiombi mtaji. Tone la mafuta likiwekwa juu ya bati lenye moto, likipiga kelele na kutoa mapovu, kuna maji. Likitulia na kutoa moshi tu, maji hayapo au ni kidogo sana.

Hata hivyo, chombo cha bei kubwa hakisaidii kama sampuli yenyewe imechukuliwa vibaya. Chupa iliyokuwa na maji ya kunywa inatosha kuharibu hesabu yote. Mafuta yanatakiwa kuchukuliwa mashini ikiwa na joto na mafuta yakizunguka, kwenye mfereji, si chini ya tanki pale matope yanapolala. Sehemu ya kutolea inafutwa kwanza, mafuta ya mwanzo yanamwagwa, ndipo chupa safi inajazwa. Juu yake inaandikwa mashini gani, imefanya kazi saa ngapi, na mafuta yana saa ngapi tangu vidanje ya mwisho. Bila maandishi hayo, maabara inapima mafuta ya mtu asiyejulikana.

Na chombo chenyewe lazima kipimwe. Kwa miaka mingi vyombo vya kuhesabu chembe vilirekebishwa kwa kutumia vumbi la jangwa la Arizona, huko Marekani. Vumbi hilo lilipoacha kutengenezwa katika miaka ya 1990, taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ililazimika kuthibitisha vumbi jingine la mfano, na ikaonekana kwamba ukubwa wa chembe ndogo ulikuwa haujapimwa sawasawa siku zote. Mwaka 1999 kanuni ya kimataifa ilibadilishwa: ukubwa uliokuwa ukiitwa mikrometa 5 ukaitwa 6, ule wa 15 ukawa 14. Funzo lake linaeleweka vizuri sokoni. Meka ya unga Lubumbashi, ikiwa kitako chake kimegongwa kwa ndani, kila mnunuzi anapoteza bila kujua. Chombo cha kuhesabu chembe ambacho hakijarekebishwa miaka mitano ni meka ya namna hiyo.

Mafuta mapya si mafuta safi

Jambo linaloshangaza wenye mashini wengi ni kwamba mafuta yaliyofunguliwa leo kutoka pipa jipya mara nyingi hayafikii usafi ambao pampu inahitaji. Yanatoka kiwandani, yanapita kwenye matanki, mabomba, magari na mapipa, na kila hatua inaongeza chembe. Wataalamu wa ulainishaji wanarudia shauri moja: mafuta mapya yachujwe kabla ya kuingia kwenye mashini.

Hali ya kwetu inaongeza uzito. Mafuta ya idroliki na ya motere yanauzwa kwa lita, kutoka pipa lililofunguliwa pembeni ya barabara, yakitiwa kwenye bidoni iliyotumika kwa kitu kingine, kisha kumiminwa kwa faneli iliyolala juu ya meza yenye mchanga. Kati ya pipa na mashini, vumbi lina milango mitano.

Pipa lililosimamishwa nje nalo linavuta maji hata kama vizibo vimefungwa. Mchana jua linalipasha moto, hewa inatoka. Usiku linapoa na kuvuta hewa kurudi ndani, na kama mvua imeacha maji juu ya kifuniko, maji yanaingia pamoja nayo kupitia kizibo. Dawa yake haina gharama: kulilaza pipa ubavuni, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, au kuliweka chini ya paa.

Mashini yenyewe pia inapumua. Kila mara silinda inaponyooka, mafuta yanashuka ndani ya tanki na hewa ya nje inaingia kujaza nafasi. Kama kizibo cha kupumulia hakina filtre, au kimepotea na kuzibwa kwa kitambaa, vumbi la mgodi linaingia moja kwa moja. Ndiyo sababu wanaoelewa mambo haya wanasema kuzuia uchafu usiingie ni rahisi sana kuliko kuutoa.

Filtre nazo hazilingani, hata kama umbo ni moja na zinafunga kwenye nyuzi zile zile. Filtre nzuri inapimwa kwa kuhesabu chembe kabla na baada ya kupita. Ikiingiza chembe 200 za ukubwa fulani na kupitisha moja tu, imezuia asilimia 99,5. Nyingine ya bei nafuu, ya ukubwa ule ule, inaweza kupitisha nusu. Mnunuzi hawezi kujua kwa kuangalia karatasi iliyokunjwa ndani.

Kongo mbili ndani ya nchi moja

Katika suala hili kuna Kongo mbili. Ya kwanza ni ile ya migodi mikubwa. Watengenezaji wa mashini nzito wana mipango yao ya kupima mafuta: Caterpillar wana ule wanaouita S·O·S, Komatsu wana KOWA. Kampuni kubwa ya migodi inayonunua magari ya kubeba tani mia na zaidi haiwezi kukubali kukisia. Mafuta yanachukuliwa kwa ratiba, yanahesabiwa, na mashini inasimamishwa kabla haijafa.

Kongo ya pili ni ya wengine wote. Ni kampuni ndogo yenye mashini mbili za kukodi zilizonunuliwa zikiwa zimetumika. Ni mashini za barabara za serikali. Ni jenereta za hospitali, mashua za ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, vinu vya unga. Huko mafuta yanabadilishwa pesa zikipatikana, na yanapimwa na kidole.

Pengo hilo lina uzito wa kisiasa. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu sous-traitance inasema kazi hizo zipewe makampuni ambayo mtaji wake uko mikononi mwa Wakongomani. Ni sheria iliyotungwa ili faida ya migodi ibaki nchini. Lakini mkataba wa kubeba madini au kusawazisha udongo unahesabiwa kwa saa ambazo mashini inafanya kazi. Kampuni ya Mkongomani inayosimama wiki tatu ikingoja pampu haiwezi kushindana na nyingine inayojua, mwezi mmoja kabla, kwamba pampu yake inaanza kuchoka. Sheria imefungua mlango. Mashini inayokufa inaufunga tena, bila hakimu wala waziri kuhusika.

Mwaka 2025 ulionyesha udhaifu huo kwa upande mwingine. Mwezi wa pili, serikali ilisimamisha kusafirisha kobalti nje ya nchi, na kuanzia mwezi wa kumi ikaweka kiasi maalumu kwa kila kampuni. Kobalti nyingi ya Kongo inatoka pamoja na shaba, basi uchimbaji haukukoma. Lakini pesa za kuingia zinapopungua, katika kampuni ndogo kitu cha kwanza kukatwa ni matengenezo. Vidanje inasogezwa mbele, filtre inaoshwa kwa mazuti na kurudishwa. Mashini haisemi kitu siku hiyo. Inasema baada ya miezi.

Mashariki kuna vita juu ya hayo yote. Goma ilichukuliwa na AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na benki nazo zikafunga milango. Katika hali hiyo, kipuri kinachoagizwa nje kinapita njia ndefu na ya gharama, na kulipa ni shida ya pekee. Pahali ambapo pampu mpya ni ngumu kupata, kuilinda ile iliyopo kuna thamani kubwa kuliko pahali pengine popote. Hiyo ndiyo hoja ya nguvu ya kupima mafuta katika Kivu: si anasa ya wakati wa amani, ni njia ya kuishi na mashini ambayo huwezi kuibadilisha.

Umeme pia umo. Mabwawa ya Ruzizi I na Ruzizi II, yanayolisha Bukavu na majirani, yanatumia turbini, na kwa kawaida turbini za namna hiyo zinaongozwa na mafuta yenye shinikizo: ndiyo yanayofungua na kufunga milango ya maji ili mzunguko usipande wala kushuka. Katika mitambo kama hiyo, popote duniani, uchafu ndani ya mafuta unaweza kuifanya vali ikwame. Turbini ikizimwa, mtaa mzima unaingia gizani.

Hoja ya wenye garaji

Wengi wa mafundi wana jibu, na linastahili kusikilizwa. Wanasema mashini zao ni za zamani, nafasi kati ya vyuma vyake zimekwisha panuka, basi kuhesabu chembe ni kama kumpima mzee urefu. Wanasema pia kwamba mteja anayeshindwa kununua lita kumi za mafuta hatalipa kipimo. Na wanakumbusha kwamba kuna mashini zimefanya kazi miaka thelathini bila mtu kuzipima.

Hoja ya kwanza ina ukweli nusu. Mashini ya zamani inavumilia chembe ndogo, lakini kila chembe inaendelea kupanua nafasi, na nafasi ikipanuka mafuta yanarudi nyuma, nguvu inashuka, mazuti yanaliwa zaidi kwa kazi ile ile. Mwenye mashini analipa uchafu huo kila siku kwenye tanki la mazuti bila kujua anaulipa.

Hoja ya pili ndiyo nzito. Maabara kamili haiwezi kusimama kwa pesa za garaji moja. Ila sehemu kubwa ya faida inapatikana kabla ya kufika maabara: pipa chini ya paa, faneli yenye kifuniko, filtre kwenye kizibo cha kupumulia, pampu ndogo ya mkono yenye filtre ya kuchujia mafuta mapya. Kitambaa na mikroskopu vinaweza kununuliwa na mafundi kumi waliojiunga, na kumtumikia kila mmoja wao. Garaji inayoweza kumwonyesha mteja mchanga uliotoka kwenye mafuta yake haihitaji maneno mengi kumshawishi.

Ya tatu inasahau zile zilizokufa. Mashini iliyoishi miaka thelathini inaonekana barabarani. Zilizoishi mitano ziko nyuma ya lupango, zimefunikwa na nyasi, na hakuna anayezihesabu.

Nani aanze

Serikali ina mkono katika jambo hili hata bila kujenga kitu kipya. Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, ina kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia, Kasumbalesa kama Kasindi. Mafuta ya kulainisha yanapita mikononi mwake. Kukagua karatasi na kibandiko cha pipa hakusemi yaliyomo. Kuchukua pipa moja katika kila shehena, kuhesabu chembe na maji, na kutangaza matokeo, kungewasaidia wanunuzi kujua wanachonunua.

Barabara ni pahali pengine pa kuanzia. Pesa za matengenezo zinapita FONER, mfuko uliowekwa mwaka 2008, na wakaaji wanazilipa kwenye peaje na kwenye bei ya mazuti. Wanapoona mashini ya barabara imesimama miezi pembeni ya njia, wana haki ya kuuliza. Sharti moja ndani ya mikataba, kwamba mafuta ya kila mashini yapimwe baada ya saa fulani na matokeo yabaki kwenye daftari, lingegharimu kidogo sana kulingana na bei ya mashini yenyewe.

Vyuo navyo. Kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi na shule za ufundi za Goma na Bukavu zinatoa vijana kila mwaka wanaotafuta kazi. Kuchukua sampuli, kusoma namba tatu, kuandika daftari na kumwambia mwenye mashini ukweli ambao hataki kuusikia ni kazi inayoweza kumlisha mtu, na haiombi mgodi wala uwekezaji kutoka ng'ambo. Inaomba uaminifu, kwa sababu namba iliyoandikwa bila kupimwa ni mbaya kuliko kutokuwa na namba.

Msimu wa kiangazi utarudi, na vumbi pamoja nao. Litaingia kwenye tanki zilizo wazi kama lilivyoingia mwaka uliopita. Kwa mwenye mashini moja anayesubiri mkataba Kolwezi, au mwenye jenereta moja katika hospitali ya Uvira, hatua ya kwanza inaweza kufanyika leo jioni: kwenda kuangalia kizibo cha tanki, kuona kama kina filtre au kama kimezibwa na kitambaa.